Hatua Ishirini na Mbili Kutoka Mlangoni

Ridgeway, Saskatchewan, Kanada
3 Machi 1968

Shangazi yangu Keziah,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii, na za paka pia, maana ndiye pekee ambaye hajalalamikia baridi mwaka huu. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni. Mume wangu Orville anachimba njia ya kwenda zizini asubuhi, jioni imeshafukiwa. Glenda wetu amefaulu mtihani wa unesi na tayari anajiona daktari. Goti lako linaendeleaje? Krismasi uliandika kwamba linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba anaumwa, na safari hii si kile kikohozi chake cha miaka yote. Daktari aliniita pembeni akaniambia mapafu yamekwisha, mwaka mpya hatauona. Baba mwenyewe anajua. Hakulia wala hakuuliza kitu, ila jioni ile aliniambia neno ambalo hajawahi kulitamka kwa miaka yangu yote thelathini na minane: akifa tumchome, kisha majivu niyalete Wexling, niyazike ubavuni mwa mama yenu.

Unamjua kaka yako. Habari za kwao nilizijua tatu tu: kwamba mama yake alikufa, kwamba wakubwa wa parokia walimpandisha meli na yatima wengine akiwa na miaka tisa, aje kutumikia shamba la watu, na kwamba wewe ulibaki kwa sababu ulikuwa na kumi na miwili na mke wa kasisi alitaka mtumishi. Siku hizi anaongea. Ameniambia walimlaza juu ya ghala la nyasi, peke yake, majira mawili ya baridi. Ndiyo maana mpaka leo hawezi kulala chumba kisicho na mtu. Tangu mama yangu afe, mimi au Glenda hukaa kwenye kiti karibu naye, la sivyo hafumbi jicho.

Nilimwandikia kasisi wenu mpya, Bwana Heddle, akaninakilia mstari mmoja kutoka daftari la mazishi: Tabitha Pask, miaka 32, amezikwa 11 Novemba 1907. Daftari linasema nani na lini, halisemi wapi. Kasisi akaongeza, "Muulize Bi Pask. Yuko kwenye baraza la kanisa miaka arobaini, hakuna asichokijua hapa." Baba anakumbuka kwamba siku ya maziko alihesabu hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa kusini. Alielekea upande gani, hakumbuki. Lakini lile jiwe la kaburi alilokuagiza uliweke mwaka 1924 si lipo? Tafadhali nipimie, unichoree ramani. Na ukiweza niandikie majina ya wazee wetu kadiri unavyoyajua, niwe nayo kabla hayajapotea.

Mwanao,
Lorna


Wexling, Suffolk
22 Aprili 1968

Mwanangu Lorna,

Barua yako imenikuta mzima, goti ni lilelile, na kuku wangu wawili wamechukuliwa na mbweha ambaye nadhani anasali kanisa moja nami, kwa jinsi anavyojua saa ninazokuwa ibadani. Bwana Heddle ameleta gitaa kanisani. Bibi Lummis, jirani yangu, alitoka nje katikati ya wimbo akisema anakwenda kutazama jiko. Jiko gani, na alikula nyama baridi siku hiyo?

Habari za Ambrose zimenichoma. Mwambie namkumbuka akinipokonya ganda la mkate. Mwambie nilimwachia.

Wazee wako ni hawa. Baba yetu, Josiah, alikuwa mchunga farasi wa shamba la Hall, aliangukiwa na mkokoteni wa shayiri mwaka 1905. Baba yake aliitwa Elijah, naye alikuwa mchunga farasi. Baba yake Elijah aliitwa Josiah, mchunga farasi pia, na wa kabla yake alikuwa na farasi mmoja kichaa aliyemng'ata sikio. Hatukuwa na ardhi isipokuwa ile tunamozikwa. Upande wa mama walikuwa wa kina Garrod, wasuka makapu, watu wa maneno mengi. Mdomo wangu nimeutoa huko.

Hili la kuchomwa linanitisha, nikuambie kweli. Hakuna Pask aliyewahi kuchomwa. Nilipokuwa mtumishi nilimwona mpishi aproni yake ikishika moto, na mpaka leo siwashi jiko bila kurudi nyuma hatua moja. Mtu arudi udongoni alivyotoka. Lakini huko kwenu labda ardhi ni ngumu.

Kuhusu kaburi, mvua imenyesha wiki tatu na uwanja wa kanisa ni tope tupu. Nitatazama kukikauka.

Shangazi yako,
Keziah Pask


Ridgeway
16 Juni 1968

Shangazi,

Twakusalimu. Ngano imeota vizuri, Orville anaogopa hata kulisema hilo kwa sauti. Glenda ameanza kazi katika hospitali ya mjini na anatuma picha za viatu vyake vipya.

Asante kwa majina. Nilimsomea Baba. Nilipofika kwa yule wa sikio alicheka mpaka nikaogopa pumzi yake. Kisha akauliza, "Na kaburi? Kez kasemaje?" Nikamwambia kuna tope. Akasema, "Suffolk tope halijawahi kumzuia Kez." Hakusema kwa ubaya, Shangazi. Lakini tangu siku hiyo kila gari la posta likipita ananiuliza, "Kapima?"

Anarudia zile hatua. Jana alinitaka nimsaidie asimame, akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni akihesabu, kisha akaketi akitweta. Akaniambia, "Nilikuwa na viatu vya kuazima, vikubwa. Sijui hatua yangu ilikuwa na urefu gani." Anaogopa kuwekwa mahali pasipo pake. Kitu hicho tu ndicho anachoogopa. Kufa kwenyewe hakumshughulishi.

Naomba usikawie. Kama goti linakuzuia, mtume Bwana Heddle akapime.

Lorna


Wexling
29 Agosti 1968

Mwanangu Lorna,

Nisamehe kwa ukimya. Kulikuwa na maonyesho ya maua, halafu mafua, halafu ndoa ya mjukuu wa Bibi Lummis ambako keki iliporomoka kabla ya bibi harusi kufika, na sisi wanawake wa kamati tukaishikilia kwa vijiti vya kufumia. Mambo hayakuniacha.

Hakuna haja ya kumsumbua Bwana Heddle. Ni mgeni, hajui lolote. Nimekwenda mwenyewe. Ramani hii hapa ndani. Mlango wa kusini ni huu, ukuta ni huu, na pale nilipotia msalaba ndipo alipo mama. Jiwe limesogezwa kidogo, usilitazamie palepale, lakini mahali ndipo hapo.

Mwambie Ambrose alale bila wasiwasi.

Keziah


Ridgeway
24 Novemba 1968

Shangazi mpendwa,

Sina salamu ndefu leo. Baba ametutoka tarehe 17, Jumapili, saa nne asubuhi, Glenda akiwa kwenye kiti.

Nataka ujue ulichomfanyia. Ramani yako ilipofika niliitundika ukutani mbele ya kitanda. Kila aliyekuja kumwona alionyeshwa. Alimwita hata mtu wa kuleta mafuta: "Njoo uone. Hapa ni mlango, hapa ni mama. Dada yangu kapima." Mtu wa mafuta akasema, "Safi sana, mzee." Baba akanigeukia: "Umesikia? Safi sana." Siku za mwisho alikuwa haoni vizuri, nikawa nashika kidole chake nakiweka kwenye msalaba.

Miezi miwili na zaidi alilala usingizi ambao sijapata kumwona akilala. Nakushukuru, Shangazi. Kuna wakati nilikuwa nimeanza kukuwazia vibaya, unisamehe.

Nimekata tiketi. Nitaondoka hapa tarehe 29 Januari, nitafika Wexling Jumamosi tarehe 1 Februari na majivu. Bwana Heddle ameshakubali kusoma sala.

Lorna


Wexling
20 Januari 1969

Lorna,

Usije. Au njoo, lakini soma kwanza.

Nimeandika barua hii mara nne na kuitupa motoni mara nne. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kimeshafika, cha Ambrose, na mimi ndiye niliyeumbuka. Ile ramani ni uongo. Sijui mama alipo.

Mwaka 1963 mfyekaji wetu alikufa na hakupatikana mwingine wa kufyeka katikati ya makaburi kwa mkono. Tukachangishana kununua mashine ya kukatia nyasi. Mashine haiwezi kupita kwenye mawe. Ikaja hoja barazani: mawe yote ya upande wa kusini yang'olewe, yaegemezwe ukutani, vilima visawazishwe. Tangazo lilibandikwa mlangoni miezi mitatu. Kila mtu alilisoma. Aliyepinga ni mmoja tu, mzee Jabez Cutting, aliyekuja kikaoni na buti za zizini.

Akasema, "Mnawavua watu shuka usingizini ili mashine ipite?"

Meja Thurlow, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Bwana Cutting, hao hawajaleta malalamiko."

Jabez akasema, "Na mkishayatoa, mtajuaje nani ni nani?"

Mimi hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu wa kina Garrod. Nikasema, "Jabez, wewe jembe lako mwenyewe huwa hujui umeliacha wapi, usidhani wote tuko hivyo." Chumba kizima kikacheka. Meja alicheka mpaka akavua miwani. Nilifurahi sana, Lorna. Miaka thelathini na mitano mtoto wa mchunga farasi amekaa na wakubwa barazani, na siku hiyo Meja kacheka kwa maneno yake. Kura ilipoitwa niliinua mkono kabla ya wengine.

Kichwani nilikuwa na mpango wangu. Wiki moja kabla ya mawe kung'olewa nilikwenda na koleo ndogo, wakati watu wako kwenye chai, nikapanda juu ya kaburi la mama mizizi kumi na miwili, ile iliyo kama vitunguu, ya yale maua meupe yanayoinamisha kichwa, yanayotoka Februari kabla ya kitu kingine chochote. Nikasema moyoni, wengine watapoteza wao, mimi wangu nitamwona kila mwaka. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na mimi ndiye niliyemcheka Jabez?

Mawe yakaondolewa, wakasawazisha, wakapanda nyasi. Hakuna aliyechora chochote. Februari ikaja, tukaenda ibadani. Tulipofika langoni tukasimama. Upande mzima wa kusini ulikuwa mweupe, vishada arobaini, hamsini, kila mahali. Wote walikuwa wamefanya nilivyofanya mimi. Kila mmoja alikwenda kwa siri yake na koleo lake, kila mmoja akapanda maua yaleyale, maana ndiyo yaliyo katika kila bustani ya hapa. Bibi Lummis alisimama karibu yangu, mume wake yumo humo. Tulitazama muda mrefu. Akasema, "Yametoka mapema mwaka huu." Nikasema, "Ndiyo, mapema." Tukaingia kusali.

Mpaka leo hakuna aliyelisema. Sasa yameenea, hata vishada havipo tena, ni shuka moja. Jiwe la Ambrose liko ukutani, la saba kutoka kona. Agosti nilikwenda nikatembea hatua ishirini na mbili za mtoto, kila upande, bibi kizee na fimbo, na kila nilikosimama niliona ndipo na niliona sipo. Nikarudi nyumbani nikatia msalaba mahali mkono ulipoangukia. Nilidhani atakufa bila kujua, na sikuamini kwamba ungekuja kweli.

Usimzike kwenye uongo wangu.

Keziah


Ridgeway
2 Machi 1969

Shangazi Keziah,

Barua yako ya Januari nimeikuta juu ya meza niliporudi. Theluji ilifunga reli siku tisa, Orville aliipokea mimi nikiwa ndani ya ndege, hakuifungua. Nimekaa nayo wiki mbili kabla ya kushika kalamu.

Ulijua haijanifikia. Nilishuka kwenye teksi nikakukumbatia pale langoni, nikalia begani mwako, nikakuita mama. Hapo ulijua. Ulikuwa na nafasi hapo, ulikuwa na nafasi njiani, na ulikuwa na nafasi jikoni tulipokunywa chai na ukanikatia keki mara mbili. Nilifungua ramani ya Baba, ina alama ya kidole chake mpaka karatasi imekonda. Nikakuuliza, "Ni hapa, Shangazi?" Ukasema, "Ni hapo." Neno moja lingetosha. Ningeweza kurudi naye nyumbani, nikamweka karibu na mama yangu, mahali ninapopajua.

Badala yake nilichimba kwa mikono yangu. Niliona maua yale nikakuambia, "Tazama, ni kama yametoka kwa ajili yake," na wewe ukasema unakwenda kuchota maji. Ulikaa bombani muda mrefu. Nilidhani ni uzee.

Unajua alichokuwa akikiogopa. Nilikuandikia kwa maandishi yangu. Mara ya kwanza walimtupa peke yake kati ya wageni akiwa na miaka tisa, na hakuwa na wa kumtetea. Mara ya pili nimemtupa mimi, na ramani ni yako.

Sina la kuongeza.

Lorna Tufts


Wexling
30 Machi 1969

Mwanangu, kama bado naruhusiwa,

Sitakuandikia habari za kuku.

Unayosema ni kweli yote. Uliponikumbatia nilijua barua haijafika, na midomo yangu ikakataa. Hakuna mtu aliyenishika hivyo tangu Ambrose, siku ya mkokoteni wa kumpeleka stesheni. Nilitaka dakika moja zaidi, halafu nyingine, na mwisho wake ukawa umeshachimba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimejiuzulu baraza. Nilisimama kikaoni nikawaambia sababu, ya maua na yote. Nilidhani watanipigia kelele. Walitazama meza. Bibi Lummis alianza kulia, kisha aliyeketi karibu naye, kisha Meja akasema tupite kwenye ajenda ya bati la paa. Jabez alikwisha kufa, la sivyo ningekwenda kwake.

Nilimwendea Bwana Heddle nikamwomba nikifa nizikwe pale ulipomweka Ambrose. Akasema haiwezekani, upande wa kusini umefungwa kisheria, maiti wote sasa wanakwenda makaburi mapya kando ya barabara. Majivu tu ndiyo yanaruhusiwa, kwa kuwa shimo lake ni dogo.

Basi nimemwambia nichomwe. Nimetia sahihi leo asubuhi, yeye akinishikia karatasi. Unajua ninavyouogopa moto. Mama nimempoteza na sitampata. Lakini Ambrose najua alipo. Yeye tu katika uwanja ule wote ndiye ninayejua kwa hakika alipo, kwa sababu wewe ulichimba nami nikaona.

Ila sheria inasema shimo halifunguliwi bila ruhusa ya ndugu aliyezika humo. Fomu nimeiweka ndani. Panahitajika jina lako chini, upande wa kushoto. Ukiichana sitakuuliza.

Keziah


Ridgeway
14 Septemba 1969

Shangazi,

Tumevuna. Glenda amechumbiwa na mtu wa reli.

Fomu nimeirudisha, imetiwa sahihi. Ilikaa kwenye droo miezi mitano. Usinishukuru, na usidhani nimesahau, maana kila nikilala namwona pale asipopajua. Nimetia sahihi kwa sababu Baba hakuweza kulala chumba kisicho na mtu.

Lorna